Mukulu ya Mama Chanda

Kintu ya kwanza retraite ilinipa ni mikono. Miaka yote nilifanya kazi mu salle ya plâtre, mikono yangu ilikuwaka nyeupe mupaka ku kiwiko, sawa muntu iko anakanda unga. Ku kanisa bamama balikuwa banacheka: «Mama Régine, leo tena ulitoka kupaka nyumba?» Sasa kazi ilimalizika, niko naikala ku nyumba, hapa Hewa Bora, na mikono ilirudia rangi yake. Siku moja niliiangalia, nikasema: kumbe, muko!

Bamama bale benye kubaki ku section balinilomba niseme namna kazi ilikuwaka, juu bale bapya bajue. Mi sikusoma mingi. Nilifika troisième ya primaire, baba akasema inatosha, juu kuhesabu samaki ku soko nilishajua. Kwa ile, mi nasema, mujukulu yangu Nadège iko anaandika. Kama kuko makosa ya kuandika, ni ya kwake. Kama kuko uongo, ni ya kwangu, lakini mutatafuta na hamutaona. Mishahara sitasema. Ile ni habari fupi.

Fasi yetu ilikuwa ku unif, université ya serikali, lakini haikuwa kule mbele kwenye badocteur banatembea na bile bintu ya kusikilia roho mu shingo. Sisi tulikuwa nyuma, nyumba ya chini, bati inavuja, pa mulango baliandika KINE. Kine ni kazi ya kurudishia muntu mikono na mikulu yake: yenye kupooza, yenye kuvunjika, yenye kuanguka na moto. Mukulu, kwa bale banasoma mbali na huku, ni muguu. Kulikuwa salle ya pratique yenye ba étudiant balikuwa banajifunzia, kulikuwa cliniki kidogo ya malade ya kweli, na katikati salle ya plâtre. Plâtre ni ile unga nyeupe ndani ya bandage. Unaloweka mu mayi, unazungulusha ku mufupa yenye kuvunjika, inakauka, inakuwa jiwe.

Siku yangu ya kwanza balinipa fagio na kitambaa, basi. Nikaona beseni iko na mayi nyeupe, sawa maziwa. Mi muntu ya usafi, nikaibeba, nikaimwaga mu lavabo, nikasuuza, nikafurahi. Kisha kidogo nikasikia muntu anasema nyuma yangu, polepole, bila kasirani:

«Mama, umezika lavabo.»

Ni Papa Kisimba. Yeye njo alikuwa fundi ya plâtre, muzee mufupi, kofia ya sufu ata mu jua. Plâtre ilishafika mu tuyau, ikakauka kule chini, na paka leo ile lavabo haipitishe mayi. Mukienda mutaiona, balitia ndani maua ya plastiki. Papa Kisimba akanionyesha: mayi ya plâtre haimwagwe. Unaiacha beseni fasi moja, uchafu inashuka, mayi ya juu unamwaga inje ku majani, ile yenye kubaki chini unakwangua na kipande ya carton. Tangu siku ile nilimufuata muzee huyu sawa kifaranga.

Alinifundisha mayi. Mayi ya moto, plâtre inakauka mbio, na inachoma ngozi ya malade. Mayi ya baridi, inakawia, malade anasinzia, anageuka, mufupa inahama. Unatia mukono: kama husikie moto na husikie baridi, ni ile. Bandage unaitia mu mayi yake yenyewe, usiishikeshike, unangoja mapovu imalizike, kisha unaitosha. Usiikamue sawa chupi. Vile njo alisema kwa bote, ata mbele ya bamama ya heshima. Na mbele ya plâtre, pamba. Mwaka moja ba étudiant balisahau pamba ku mukono ya mwenzabo, balikuwa banajifunzia. Kutosha ile plâtre, nywele yote ya mukono ikatoka nayo. Ule mutoto alikuwa muimbaji ku kanisa. Tulijua siku ile iko na sauti kabisa.

Lakini kintu yenye Papa Kisimba alirudilia kila siku ni bidole. Bidole bya mukulu bibaki inje ya plâtre, bionekane. Plâtre haikue ndogo, alisema, mukulu njo inavimba ndani, na hakuna fasi ya kwenda. Kwa ile, kila asubui unafunua blanketi, unaangalia rangi ya bidole, unashika kama biko na moto, kisha unafinya kucha. Kucha inakuwa nyeupe; unaachia, damu inarudia. Kama damu hairudie, unatafuta makasi, hautafute muntu. «Malade atakuambia bintu mingi,» alisema, «mumusikilize, lakini mufunue.»

Ba étudiant balikuwa banaandika ile yote, bamesimama, juu viti haikutosha. Mi nilibahurumia. Auditoire, chumba kubwa ya masomo, ilijaa paka ku madirisha, bengine balisikilia mwalimu inje sawa bantu ya mukutano ya kanisa. Blouse moja nyeupe banaivaa babili: moja iko na pratique asubui, mwenzake kisha midi, banapeana pa mulango, ingali na jasho. Courant inakatika, bazazi banaita ku telefone. Ile telefone ya bazazi njo ilikuwa mubaya. Kulikuwa kijana moja, baba yake mucuruzi ya kutoka Kivu, iko na makamyo ya mizigo. Nilisikia baba anapiga kelele mu telefone paka mi mwenye kushika fagio nikasikia:

«Utakuwa docteur?»

«Hapana, papa. Kine.»

«Kine ni nini?»

«Tunafanyisha bantu mazoezi.»

«Na makamyo yangu, nani atayifanyisha mazoezi?»

Bengi balikuya kwetu juu balianguka examen ya kuingia mu médecine. Mwaka ya kwanza banatembea kichwa chini, sawa bantu benye kuolewa ku lazima. Kisha banaona muzee moja yenye alikuya mu brouette ya kubebea mizigo anasimama, anatembea katikati ya bile byuma mbili ya kushikilia, analia, na bao banalia. Kutoka pale banainua kichwa. Si bote. Bengine banaendelea kuangalia chini paka diplôme.

Papa Kisimba alikufa mbele ya retraite yake. Mapafu. Ile unga tuliipumua sote. Kisha yeye hatukupata fundi mwingine. Plâtre ilibaki ku mikono ya ba étudiant ya mwaka ya mwisho, na assistant moja, Madame Odette, yenye serikali ilimupa kazi ya bantu bane.

Sasa Mbuyi.

Mbuyi alitoka Kasaï. Alisoma kule miaka ya kwanza, kisha akakuya huku mwaka ya mwisho, kumalizia masomo ya licence. Kijana murefu, mupole, anasalimia ata ule mwenye kukata majani. Yeye hakuanguka médecine, alichagua kine mwenyewe, na kwa ile benzake balimuona sawa mugonjwa. Kiswahili yake ilikuwa ya radio: alisema «muguu», alisema «tafadhali», na ku masomo bote balisema «jambe» tu, kwa Français. Mi nilimutania: «Mbuyi, ukisema tafadhali ku soko ya hapa banakupandishia bei.» Anacheka. Lakini ule mwaka hakucheka mingi. Kaka yake mukubwa, ule mwenye alimulea kisha baba kufa, alikufa kule ku mugini. Ilikuwa wakati ya examen, safari ni siku na siku, akabaki. Kilio ya mukubwa yake alilala peke yake mu chumba ya home ya ba étudiant, na karatasi ya anatomie.

Kwa Kiluba ya kwabo Kasaï, mukulu ni nini? Mukulu ni mukubwa. Kaka yako mwenye alikutangulia. Mi nilijua kisha. Sote tulijua kisha.

Mama Chanda alikuwa anauza bitumbula, ile maandazi ya mafuta. Anapika hapa Hewa Bora asubui, anatia mu beseni ku kichwa, anatembea paka Bel-Air, anapita ku milango moja moja, anarudi na beseni yenye kubaki wazi. Duka yake ilikuwa mikulu yake. Siku moja moto, pikipiki, ikamugonga pa kona, mufupa ya chini ya goti ikavunjika. Mukubwa yake, kaka mwenye banaita Ya Mwape, njo alimuleta kwetu. Ba étudiant balimufunga plâtre muzuri, Madame Odette akaangalia, akasema sawa, bidole inje, rangi muzuri. Balimulalisha mu chumba kidogo ya pembeni, mutoto yake mwanamuke akabaki naye. Usiku ile ikaanza kuuma. Balimuambia ni plâtre ya mupya, itapita. Mbele ya jua kutoka, mutoto akarudi ku nyumba kupika bitumbula, juu bateja habangoje mufupa.

Asubui ile Madame Odette alikuwa kule mbele ku auditoire, anasimamia examen. Mi nilikuwa mu salle ya pratique, napanguza bitanda. Mbuyi peke yake akaingia kwa Mama Chanda. Aliingia juu aangalie bidole. Ile maneno yenye balisemezana, bote babili balinihadisia, kila muntu siku yake, na ilikuwa sawasawa.

«Jambo, mama. Mulilala muzuri?»

«Kulala wapi, mutoto yangu? Mukulu yangu ilikufa.»

Mbuyi akasimama. «Ilikufa? Lini?»

«Usiku. Mbele ilikuwa moto, moto, nikalia. Kisha ikapola. Saa hii haisikie kintu.»

«Oh, mama. Muko na ingine?»

«Niko na ingine moja, Mungu asifiwe. Lakini moja, mutoto yangu, moja itanipeleka wapi?»

Mbuyi akaikala pa kiti. Alimushika mukono. «Pole, mama. Mi pia, miezi yenye ilipita, mukulu yangu ilikufa.»

Mama Chanda akamuangalia chini, akamuangalia juu. «Ya kwako? Na uko unatembea vile?»

«Tunatembea tu, mama. Tutafanya nini?»

Musicheke mbio. Mi nilicheka siku ile Mama Chanda alinihadisia, kisha kicheko ikakwama. Juu ile neno njo ilimutuliza Mama Chanda. Alitaka kulia kwa nguvu, alitaka kuita bantu, sasa anaona munganga kijana, mukulu yake ilikufa na ikarudia, anatembea bila fimbo. Akajisemea: basi ni ugonjwa yenye inapitaka. Akalala.

Na Mbuyi? Mbuyi alikuya kufunua. Alijua kazi yake, ba benzake ata moja hakumushinda ku ile. Lakini kwabo muntu mwenye kufiwa haumufunue funue. Kisha, ku jury ya bamwalimu, alisema: «Niliona haya kuinua blanketi ya muntu mwenye kilio juu niangalie kucha.» Akavuta blanketi, akaifunika muzuri paka chini, ile bidole yote ikaingia ndani. Akafunga rideau ya dirisha. Akafunga mulango, akaweka kiti inje. Nilipita pale na ndoo, akanyoosha mukono:

«Mama Régine, musiingie. Mama anafiwa.»

«Anafiwa na nani?»

«Mukubwa yake. Usiku ya leo. Tumuache alie.»

Nikafunga kitambala yangu ya kichwa muzuri, nikapita polepole. Huku kwetu kilio ni kilio, muntu hauulize mara mbili.

Habari ikatembea. Midi haikufika, section yote ilijua. Secrétaire akapika chai, akaiacha pa mulango. Ba étudiant ya mwaka ya kwanza, bale ya kikundi ya kuomba, balikuya kusimama mu couloir, inje ya chumba, bakaimba nyimbo ya kilio, sauti ya chini, muzuri kabisa. Ndani, Mama Chanda anaimbiwa. Aliniambia kisha: «Nikasema, kumbe huku ku unif bako na roho muzuri, mukulu ikivunjika banakuimbia.» Kisha alilia kidogo, juu maumivu ilipanda mu goti, na inje balisikia analia, bakaimba kwa nguvu.

Ilikuwa kisha midi, jua kali, Ya Mwape anafika. Ameshika sufuria ya bukari, ile ugali ya huku, na samaki, ameifunga na kitambaa. Anasikia nyimbo, anatosha kofia. Muntu ya heshima. Anasimama nyuma ya kikundi, anangoja bamalize. Kisha anauliza mutoto mwanamuke moja, kwa sikio:

«Nani alikufa?»

«Mukubwa ya mama ya mu ile chumba.»

«Mama gani?»

«Mama Chanda.»

Ya Mwape akaweka sufuria chini. «Mukubwa ya Chanda njo mi.»

Ule mutoto akapiga kelele, akakimbia paka ku majani. Bengine balijibandika ku ukuta. Mbuyi akainuka pa kiti yake. Ya Mwape hakungoja muntu, alisukuma mulango.

«Chanda! Weye njo unasema nilikufa?»

«Weye? Nani alisema weye?» Mama Chanda akatupa blanketi. Akapiga plâtre na ngumi, ko ko ko, sawa muntu anabisha mulango. «Mukulu! Hii! Hii njo ilikufa!»

Nilikuwa pa mulango, nikaona. Bidole ilikuwa rangi ya makala yenye kunyeshewa mvua.

Mbuyi akafika ku kitanda. Alipiga magoti. Akafinya kucha ya kidole kikubwa, akaachia, akangoja. Ikabaki vile. Akafinya ya pili. Ikabaki vile. Akanyoosha mukono nyuma bila kugeuka, sawa muntu anajua makasi itakuya, na kweli mwenzake alishaikimbilia. Alikata ile plâtre mwenyewe, kutoka juu mupaka chini, na makasi haikugusa ngozi, ile nitasema mbele ya muntu yeyote. Kupasua plâtre, mukulu ikatoka inavimba, ngozi inang'aa. Mama Chanda alikuwa anaiangalia sawa kintu ya muntu mwingine. Mbuyi anaisugua, anaishika na mikono mbili, anaiita kwa Kiluba.

Haikuitika.

Balimupeleka ku hospitali kubwa mu taxi yenye Ya Mwape alisimamisha pa barabara. Banganga ya kule balifungua nyama, balingoja damu irudie. Balikuwa na saburi, sitasema mubaya yabo. Haikurudia. Balikata chini ya goti.

Mukulu yenye kukatwa inaenda wapi, mulishajiuliza? Huku kwetu haitupwe. Balimupa Ya Mwape mu carton, akaenda nayo ku makaburi, peke yake, juu nani utaita ku kilio ya kintu sawa ile? Mwenye kuchimba aliuliza jina ya marehemu. Ya Mwape akafikiri, akasema: «Chanda kidogo.» Alinihadisia ile na macho kavu. Ilikuwa mi njo nililia.

Ku section balifanya jury. Mbuyi alisimama mbele ya meza, balimuuliza. Nilikuwa naingiza viti, nikabaki, hakuna muntu anafukuza mama ya usafi. Mwalimu moja ya hapa alisema: kila muntu anajua mukulu ni muguu. Mwingine ya Kasaï akasema: kila muntu anajua mukulu ni mukubwa. Wa tatu ya Kivu akasema kwabo mukulu haiko muguu, haiko mukubwa, haiko kintu. Bakaanza kubishana ile neno, kwa Français, kwa Kiswahili, paka jua ikahama dirisha. Mbuyi amesimama tu. Kisha akasema, sauti ya chini: «Ba professeur, neno haikukosa. Mi sikufunua.» Bakaacha kubishana. Balimuambia arudilie mwaka yote.

Alitaka kurudi Kasaï. Nilimuona siku moja nyuma ya nyumba, fasi ninamwagaka mayi ya plâtre, amevua blouse, ameikunja. Sikumuambia kintu ya akili, juu sikukuwa nayo. Nilimuambia tu akuye anisaidie kukwangua beseni. Alikwangua. Kisha akasema:

«Mama Régine, munipeleke kwa ule mama.»

«Kufanya nini?»

«Sijue.»

Tulienda siku ya posho, jumamosi, muchana. Si mbali na kwangu. Mama Chanda alikuwa mu lupango, kiwanja ya nyumba yake, pa kiti ya plastiki, beseni ya bitumbula iko wazi pembeni, imegeuzwa chini juu. Mutoto yake njo alikuwa anatembea sasa. Mama Chanda alikonda. Kikwembe ya kujifunga ilikuwa inaanguka pa goti, kisha hakuna kintu. Ya Mwape alikuwa anapasua kuni, akatuona, akaendelea kupasua.

Mbuyi alibaki pa mulango ya lupango. Akaanza: «Mama, nilikuya...»

«Kama ni pole, ile ulishanipa,» Mama Chanda akasema. «Ulinipa mbele ya wakati. Ingia.»

Akaingia. Akasimama mbele yake na mikono nyuma, sawa mutoto ya masomo.

«Banakufukuza?»

«Hapana, mama. Narudilia mwaka.»

«Utaendelea na ile kazi?»

«Sijue, mama.»

«Mi njo siko na mukulu, weye njo hujue.» Ya Mwape akaacha shoka. Mama Chanda akavuta kikwembe juu ya goti, akaonyesha ile yenye balimubakishia, imefungwa na bandage chafu, balimufunga vibaya, ata mi niliona. «Ku hospitali balisema nikuye kwa ba kine, bafanyishe hii mazoezi, bainyooshe, isikauke imekunjamana. Nani atanibeba paka kule? Na kule ni weye. Sasa uko hapa. Fanya.»

Mbuyi akapiga magoti pa simenti. Akafungua bandage polepole, anaizungulusha mu mukono yake muzuri, namna Papa Kisimba alifundishaka bale benye balimufundisha yeye. Akaangalia yote. Akashika kama iko na moto. Alichukua wakati, hakuna muntu alimukimbiza. Kisha akauliza:

«Mama, inauma wapi? Munionyeshe na kidole.»

Mama Chanda akainama. Akanyoosha mukono, akapita goti, akapita fasi balikatia, akashuka paka chini, karibu na simenti, pale hakuna kintu.

«Pale,» akasema. «Pa bidole. Usiku na muchana.»

Mbuyi aliangalia ile fasi. Nilifikiri atamufasiria, juu balisoma ile, mukulu yenye kukatwa mishipa ingali inaikumbuka, sijue nini. Hakufasiria. Aliweka mukono yake pale chini, bidole wazi, mu hewa, sawa muntu anashika muguu ya mutoto mwenye kulala.

«Hapana,» Mama Chanda akasema. «Juu kidogo.»

Akapandisha mukono.